Metali ya kioo na leza: tazama pembeni mwa mshono

Wadogo zangu mnaotoka karakana za Unguja na Pemba kwenda kusomea sayansi ya metali, mkono wenu mzuri. Aliyejifunza kuchomelea mageti Mwanakwerekwe anajua kuusoma moto kwa macho. Lakini siku mtakayokabidhiwa metali ya kioo na mashine ya kuchomelea kwa leza, mazoea kadhaa itabidi myaache mlangoni.

Metali ya kawaida ni fuwele; atomu zake zimejipanga safu kwa safu. Metali ya kioo imeganda kabla atomu hazijawahi kujipanga. Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake, huko California, walilazimika kupoza dhahabu na silikoni kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde, wakapata kipande chembamba tu. Vitreloy 1, aloi (mchanganyiko wa metali) ya zirkoni iliyotangazwa 1993, inatosheka na nyuzi 1 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hutoka na unene wa sentimita kadhaa.

Mwanafunzi akisoma hivyo hutulia, maana mshono wa leza hupoa haraka kuliko hapo. Ni kweli, palipoyeyuka huwa salama. Balaa liko jirani yake, palipopata moto bila kuyeyuka. Aloi hiyo hiyo ikipashwa kutoka baridi hutaka nyuzi 200 hivi kwa sekunde ili isigeuke fuwele. Mbegu za fuwele, yaani vikundi vidogo vya atomu vinavyoanza kujipanga, huzaliwa kwa wingi joto likiwa chini, ila hukua upesi joto likiwa juu. Ukipoza, unapita penye kukua kabla mbegu hazijazaliwa. Ukipasha, unazikusanya kwanza, kisha unazipeleka zinakonenepa. Ndiyo maana mshono utang'ara na kipande kikakatika kandokando yake.

Kwa hiyo endesha leza kwa kasi, bana kipande kwenye shaba nene inyonye joto, na gesi ya agoni isikatike, kwa kuwa oksijeni ikiingia kwenye zirkoni huzidisha fuwele. Na tafadhali usirudie mshono. Kwenye geti tunarudia kuziba tundu. Hapa kila mpito unakomaza mbegu zilizoachwa na mpito uliotangulia.

Kuna na suala la matiko. Chuma cha kaboni kilichozimwa majini tunakirudisha motoni kiasi, kipunguze ukavu, yaani wepesi wa kuvunjika. Vitreloy 1 ukiiweka motoni muda mrefu, hata chini ya nyuzi 350 inapoanza kulegea, atomu husogeleana na inazidi kuwa kavu. Kipimo cha eksirei, kinachoonyesha mpangilio wa atomu, kitakwambia bado ni kioo. Usiridhike nacho peke yake. Kipinde kipande uone. Kati ya nyuzi 350 na 430 hivi inafinyangika vizuri sana, lakini ukichelewa humo, fuwele zinaanza.

Wanaofikiria vipuri vya boti wajue kwamba aloi nyingi za zirkoni hutobolewa na chumvi ya bahari, vishimo vidogo vidogo.

La afya nalisema kwa mkazo. Mwanga wa leza nyingi za kuchomelea hauonekani, na barakoa nyeusi ya gereji si kinga yake. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa leza hiyo hiyo. Vitreloy 1 ina beriliamu, na vumbi lake huweza kuharibu mapafu kwa kudumu. Usiisage kavu kamwe, hata kama mwalimu ana haraka.