Milima Tunayo Kwetu: Twende Kirgizia Kutazama Nini?

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu ni wenyeji wa Lushoto na tunafanya kazi Dubai. Mwenzangu kazini ananishawishi twende Kirgizia likizo ya Julai badala ya kurudi nyumbani. Nasikia nchi hiyo ni milima mitupu. Sisi tumezaliwa milimani, na Kilimanjaro ni yetu. Tutaona kipi kigeni? – Msomaji, Dubai

JIBU: Ndugu msomaji, kama sababu ingekuwa urefu wa vilele tu, ningekushauri urudi zako Lushoto. Ni kweli kwamba Jengish Chokusu, kilele kilicho mpakani mwa Kirgizia na China, kina mita 7,439 na kinaipita Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,500, lakini hicho ni cha wapandaji waliobobea, si cha mtu na mkewe walio mapumzikoni.

Kigeni kwenu ni namna mlima unavyokaliwa. Usambara ni milima ya wakulima, ambako mtu hujenga na kulima palepale mwaka mzima. Kirgizia ni milima ya wafugaji, ambao kuanzia Juni hadi mapema Septemba huviacha vijiji vyao na kupandisha kondoo, ng'ombe na farasi kwenye malisho ya juu, yaitwayo jailoo, na mgeni hupokewa hukohuko, akala wanachokula na kulala wanamolala.

Ningekuwa ninyi, ningetenga siku tatu kwa ziwa Song-Köl, lililo mita 3,016 juu ya usawa wa bahari. Kandokando yake hakuna mti. Ni nyasi mpaka ukingoni mwa maji, na mahema ya mviringo yaliyotawanyika. Hema hilo ni kiunzi cha mbao kisicho na msumari, kilichokazwa kwa kamba na kuvikwa sufu iliyoshindiliwa. Ukilala chali utaona juu yako pete ya mbao unakopitia moshi: ndiyo tunduk, na mchoro wake uko katikati ya bendera ya taifa. Jiko huwashwa kwa samadi kavu, na usiku wa Julai ni wa makoti mazito. Chai humiminwa nusu bakuli, nanyi msidhani ni uchoyo, kwa kuwa mwenyeji hutaka kukuongezea tena na tena. Bakuli likijaa hadi ukingoni, ndipo ujiulize kama umekaa mno. Mtaletewa pia kymyz, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, yenye ukali unaoshtua ulimi. Yana kileo kidogo, basi asiyetaka na ashukuru kwa adabu.

Wenyeji wengi ni Waislamu, na salamu yenu itaitikiwa bila mkalimani. Lugha yao ni ya jamii ya Kituruki, lakini chai kwao ni chai, kitabu ni kitep, saa ni saat na dunia ni düynö. Zaidi ya hapo Kirusi ndicho kinachosaidia.

Mkishuka, pumzikeni Issyk-Kul, ziwa lenye urefu wa kilomita 180 hivi, ambalo haligandi hata katikati ya baridi kali kwa sababu ya kina chake na chumvi kidogo iliyomo. Mjini Karakol, upande wa mashariki, kuna msikiti wa mbao uliojengwa kwa ajili ya Wadungan, Waislamu wenye asili ya China, ambao kwa paa lake ungedhani ni hekalu la Kichina.

Msipande Song-Köl siku ya kuwasili. Bishkek, mji mkuu, iko kwenye mita 800 tu, na anayeruka kutoka hapo hadi 3,000 kwa siku moja hulipia kwa kichwa kuuma na kichefuchefu. Laleni kwanza Kochkor, mji mdogo ulio njiani, mnakofika kwa marshrutka, ambayo ni daladala ya huko, kisha mkodi gari au farasi. Habari za viza kwa pasipoti ya Tanzania ziulizeni ubalozini kabla ya kununua tiketi. Na mwajiri wenu akiisogeza likizo hadi Oktoba, ahirisheni mpaka mwakani, maana wafugaji watakuwa wameshashuka na mahema yao.