Umeme wa kuchanga na friza ya jirani

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimepanga chumba Mbagala, nyumba ya wapangaji sita, LUKU ni moja. Kila mwezi kila chumba kinatoa 5,000. Mimi nina taa, redio ndogo na chaji ya simu, basi. Mama wa chumba cha mbele ana friza, anauza barafu za ubuyu. Friza haizimwi usiku wala mchana, naye anatoa 5,000 hiyo hiyo. Nimevumilia mwaka mzima. Mwezi uliopita nikanunua hita, nachemshia maji ya kuoga asubuhi na jioni, ingawa jiko la mkaa ninalo. Nilitaka na mimi hela yangu irudi. Sasa umeme unakata tarehe 22 na watu wananuniana. Nimekosea?
Mpangaji wa chumba cha uani

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Kwenye friza, haki unayo. Kwenye hita, umekosea, na waliokosewa si yule mama.

Chukua kalamu tuhesabu. Friza ya wati 150, injini ikinguruma nusu ya siku, inakula uniti 1.8 kwa siku, yaani 54 kwa mwezi. Nyumba yenu ikishapita uniti 75 kwa mwezi, haimo tena kwenye ile bei ya watumiaji wadogo; uniti moja inawagharimu kama shilingi 350. Kwa hiyo friza peke yake inakula karibu 19,000 katika 30,000 mnazochanga. Taa yako, redio na simu hazifikishi hata uniti tano. Ndiyo maana unaumia, na mtu akikuambia una roho mbaya, mwonyeshe hesabu hii.

Sasa hita. Ya wati 1,000, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ni uniti moja kwa siku, kama 10,500 kwa mwezi. Hela hiyo nani analipa? Mnagawana sita. Mama wa friza inamgusa 1,750. Wewe mwenyewe 1,750. Zile 7,000 zilizobaki zinatoka kwa wapangaji wanne ambao hawauzi barafu wala hawachemshi maji kwa hita. Hao ndio uliowaadhibu, mpwa wangu, na baadhi yao huenda wana taa moja kama wewe.

Niliwahi kupanga Magomeni, vyumba vinane, na mwenye friji nilikuwa mimi. Nilitoa mchango wangu mapema kuliko wote, nikajiona mpangaji mwema. Hakuna aliyeniambia kitu. Salamu zilipungua, nikadhani ni mambo ya mjini. Nilikuja kuambiwa siku ninahama, na jirani aliyekuwa akinisaidia kubeba godoro. Miaka miwili walikuwa wananisema koridoni! Iliniuma, maana ningelipa. Mtu anakumbuka vizuri hela aliyotoa. Umeme alioutumia haukumbuki, kwa kuwa hauoni ukipita.

Kwa hiyo usimhukumu yule mama kabla hajasikia. Mfuate mchana, peke yake, wakati hana wateja. Usianze na neno "friza". Mwambie umeme unawahi kukata, na ungependa mkae wote mpange upya. Mimi napendelea mchango kwa vitu: taa na simu kiwango kimoja, feni na televisheni kiwango cha juu kidogo, friza na pasi vyake. Kama biashara yake inamlipa, afunge mita ndogo ya chumba chake, ile mafundi wanaiita sabumita, asome mwenyewe uniti zake na alipe hizo. Mwenye nyumba aambiwe kabla fundi hajagusa waya. Taa ya koridoni na ya choo igawanywe sawa kwa vyumba vyote.

Na siku ya kikao, kabla friza haijatajwa, taja hita yako wewe mwenyewe, na uweke mezani kitu kwa ajili ya wale wanne.