Aunti Jikoni: Krambo yangu imegeuka uji

SWALI: Shikamoo aunti. Niko Leicester, Uingereza, huu mwaka wa tatu. Jumamosi tulienda na wanangu kwenye yale mashamba unajichumia mwenyewe halafu wanakupimia unalipa, watoto wakachuma kama wametumwa, tumerudi na kilo tatu na nusu za stroberi, rasiberi na blakiberi chache. Jirani akaniambia tengeneza krambo, yale matunda ya kuoka yenye chenga za unga na siagi juu, haina kazi. Nikachanganya unga na sukari na ile siagi laini ya kwenye kopo, nikamwaga juu ya matunda, oveni nusu saa. Aunti, kilichotoka ni uji wa pinki, maji yanaelea, watoto wamekula kwa adabu tu. Nimekosea wapi? Niongeze hamira?
Mama wa wawili, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, na hongera kwa watoto wenye adabu maana wangu wangenisema mpaka leo.

Hamira iache huko huko kwenye mandazi. Krambo haiumuki wala hatutaki iumuke, hata beking pauda haihitaji. Tatizo lako ni maji, na yameingia kwa njia tatu.

Ya kwanza ni hiyo siagi ya kopo. Ile ya kupaka mkate ina maji mengi na mafuta machache, kwa hiyo ukiichanganya na unga unapata donge, hupati chenga. Nunua ya mche, itoke kwenye friji ikiwa ngumu, uikate vipande vidogo. Unga wa ngano gramu 200, siagi 100, sukari 100, huo ndio mpango mzima, unga mara mbili ya vile vingine, ukishika hapo huhitaji kitabu. Sukari ya kahawia ni nzuri zaidi, inatafunika. Sugua kwa ncha za vidole, siyo kiganja, kiganja kina joto siagi itayeyuka, sugua mpaka iwe kama chenga za mkate na vidonge vingine vikubwa kama harage viache hivyo hivyo ndio vitamu. Halafu bakuli liweke friji wakati unashughulika na matunda.

Ya pili ni stroberi. Najua mnazipenda, na ndio tunda la Juni na Julai hapo Uingereza, wanakula na krimu kwenye tenisi Wimbledon, lakini ndani ya oveni stroberi inalegea, inapauka, inamwaga maji yote. Mimi nazila mbichi nyingi, kwenye krambo natia robo tu. Rasiberi na blakiberi ndio ziwe nyingi, zina ukali wake unaokata sukari. Gramu 700 za matunda kwa bakuli la watu sita, yaoshe haraka na uyakaushe kwa taulo, maana hayo maji ya bombani nayo yanahesabiwa, halafu nyunyiza sukari vijiko vikubwa vinne na konifulawa, yaani wanga wa mahindi, vijiko vikubwa viwili, geuza taratibu, chenga juu, oveni hapo hapo. Ukishatia sukari ukaenda kuanua nguo utakuta matunda yanaogelea. Mimi huongeza iliki ya kutwanga, nusu kijiko cha chai, wazungu wananiuliza hii harufu ya nini nawaambia ya kwetu.

Ya tatu ni haraka, na hapa ndipo wengi tunaharibikiwa. Konifulawa haishiki mpaka ichemke kweli kweli. Weka oveni digrii 180, kama ina feni 160, na usitoe kwa sababu juu pamekuwa kahawia, toa ukiona mchuzi unatokota KATIKATI ya bakuli, siyo pembeni peke yake. Hiyo ni dakika 40 mpaka 45, nusu saa ni ya keki ndogo. Halafu uiache ipoe nusu saa bila kuichokoa. Ikitoka tu ni supu, ikipoa inashika. Mpe mtoto kazi nyingine kabisa, harufu ile ni mtihani. Ikiwa vuguvugu mwagia kastadi, hilo halina mjadala.

Na usiogope kuharibu tena. Hiki chakula kilishika chati wakati wa vita kuu ya pili, huko Uingereza siagi ilikuwa ya mgao toka 1940 na mgao ukaisha kabisa 1954, unga wa kutandaza pai ulikuwa unakula mafuta mengi, krambo inakula machache, ndio maana inavumilia mapungufu. Blakiberi za vichakani zinaiva Agosti na Septemba, hizo bure kabisa, ila wazee wa huko wanasema baada ya 29 Septemba usichume, eti shetani ameshazitemea mate. Mimi nilichuma Oktoba mara moja, zilikuwa za maji na funza, sijui shetani sijui mvua.

SWALI: Aunti mimi niko Lushoto, sina oveni, nina jiko la mkaa. Fursadi zimejaa uani na ndege wanazimaliza. Zinafaa?
Msomaji wa kila wiki

JIBU: Zinafaa sana. Ila fursadi ikiiva mpaka nyeusi inakuwa tamu tu, haina ukali, kamulia ndimu nzima. Vijiti vyake vikate kwa mkasi, ukivuta kwa vidole wiki nzima utaonekana umechinja kuku. Kwa mkaa usioke vyote pamoja, chini kutaungua kabla juu hakujakauka. Chemsha matunda kwanza kwenye sufuria na sukari, ndimu na konifulawa uliyoikoroga kwa maji kidogo, yakitokota na kuwa mazito tandaza chenga, funika kwa sinia la bati, makaa mengi juu, chini bakiza majivu ya moto tu. Dakika 20 funua uangalie, kama bado peupe ongeza makaa. Angalia majivu yasidondokee ndani ukifunua, nimeshakula hiyo mimi.

SWALI: Ikibaki inakaa siku ngapi?
Kwa simu, Mombasa

JIBU: Siku tatu kwenye friji, imefunikwa. Kuipasha tumia oveni au kikaango kwa moto mdogo, maikrowevu inalainisha chenga unarudi kwenye uji wa yule wa Leicester.