Kwa wanaoanza utafiti wa nyenzo mpya Zanzibar: anzieni ufukweni

Mnaoingia kwenye vikundi vya utafiti wa nyenzo mpya mnatoka kemia, baiolojia ya bahari, uuguzi na uhandisi, na kila mmoja anakuja na kipimo chake. Tuseme mnatengeneza utando wa kufunikia kidonda kutokana na mwani. Mkemia hufurahi utando ukivutwa usikatike. Muuguzi huangalia kama unabanduka bila ya kutonesha kidonda. Mtu wa mazingira huuliza utaoza kwa muda gani. Vipimo hivi hugongana, kwani kinachouimarisha utando mara nyingi ndicho kinachouchelewesha kuoza. Kwa hiyo wiki ya kwanza kaeni pamoja muandike: ni kidonda gani, atakayeubandika ni nani, na ukishabanduliwa unakwenda wapi. Nimeona kazi nzuri ya miezi mingi ikipotea kwa kukosekana karatasi hiyo moja.

Malighafi ndiko wengi wanakopita mbio, nami nawasihi msipite mbio. Mwani ulioanza kulimwa kibiashara hapa mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, si wa aina moja. Kotonii hutoa karajinani (ute wa mwani unaogandisha, ambao ndio tunaotengenezea utando) ya kapa, ambayo ikikutana na potasiamu huganda ngumu na kukatika kirahisi. Spinosamu hutoa ya ayota, inayopatana na kalisiamu na kutoa jeli laini inayonyumbuka. Ukipokea gunia lililochanganyika, jeli ya leo haitafanana na ya kesho, na utailaumu mashine bure. Kotonii nayo imekuwa adimu: maji ya kina kifupi yakipata joto hushikwa na maradhi, matawi yakawa meupe na kukatika. Usiujenge mradi mzima juu ya mwani ambao wakulima wengi wameshindwa kuuotesha.

Nendeni Paje, Jambiani au Pemba wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali na akina mama wako mashambani. Piteni kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini, na barua zenu. Kisha muulizeni mkulima: mwani huu una wiki ngapi baharini? Umeanikwa juu ya chanja au mchangani? Umenyeshewa? Mwani uliovunwa kabla ya kukomaa au ulionyeshewa ukiwa juani hautoi karajinani ile ile. Majibu yaandikwe kwenye daftari la maabara, pamoja na tarehe na kijiji. Na mwani mnaochukua ni mali ya mtu, mlipeni.

Mkirudi maabara, kumbukeni hewa yetu. Utando wa karajinani hunywa unyevu, kwa hiyo nguvu iliyopimwa masika hailingani na iliyopimwa kaskazi. Dawa yake ni rahisi: zihifadhini sampuli kwenye chombo kilichofungwa, chenye maji yaliyotiwa chumvi ya mezani mpaka ikawa haiyeyuki tena, sampuli zikae juu bila ya kuyagusa maji hayo. Unyevu wa ndani hutulia karibu na asilimia 75. Ndipo mpime.

Mafuta ya karafuu ya Pemba nayo yanavutia, khasa kwa yujenoli, kemikali iliyomo ndani yake ambayo madaktari wa meno huitumia. Inaua bakteria, lakini ikizidi huunguza pia seli za ngozi, hivyo anayepima bakteria na anayepima seli wafanye kazi meza moja tangu mwanzo. Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na ya karafuu zenyewe yawekwe mbali mbali. Wala msijaribu chochote kwa mtu, hata kwenye ngozi zenu wenyewe, kabla ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya. Ombeni mapema.

Jambo jingine: msiandike kuwa kitu “kinaoza” bila ya kusema wapi. Kinachooza kwenye mboji yenye joto kinaweza kukaa baharini miaka.

Na mwenye kutafuta swali la tasnifu asiende mbali. Mwani huo huo hufungwa kwa vikamba vya plastiki, na vinavyokatika huchukuliwa na maji. Kinahitajika kikamba kinachostahimili chumvi, jua na mawimbi angalau kwa mavuno mamoja, yaani wiki sita hivi, kisha kioze baharini bila ya kumdhuru samaki wala mkulima, na bei yake aimudu. Kukibuni ni kazi ya mkemia na mhandisi, kukifuatilia majini ni ya mtu wa bahari, na kukifunga na kukihukumu ni ya mkulima mwenyewe, shambani kwake.