Habari ya kitabu ina mwenyewe: kwa wakutubi wapya wa Uganda

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maktaba, karibuni. Siku ya kwanza mtakabidhiwa funguo, muhuri, pedi ya wino na neno la siri la kuingilia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Mtaonyeshwa kona inayovuja mvua ikinyesha, na kiti ambacho hakikaliwi na mtu mwingine ila mkubwa wenu. Kazi moja hamtakabidhiwa, maana haimo kwenye barua ya ajira: kupeleka habari za vitabu kwa wakutubi wenzenu na kupokea za kwao. Nimefanya kazi katika maktaba za shule na za umma, Kampala na nje ya Kampala, na sijaona maktaba iliyostawi huku mkutubi wake amejifungia na rafu zake.

Naanza na msimamo wangu. Kila habari ya kitabu ina mwenyewe. Kuna mtu anayeihitaji: mwalimu wa Mbale, muuguzi wa Arua, kijana wa Jinja anayeandika tasnifu yake ya mwisho. Mara nyingi wewe humfahamu mtu huyo, ila mkutubi mwenzako anamfahamu. Kwa hiyo ukimwandikia mwenzako, andika kwa namna itakayomwezesha kuifikisha habari hiyo bila kukupigia simu tena.

Siku hizi habari nyingi zinapita kwenye makundi ya WhatsApp, hasa baada ya Facebook kufungwa nchini kwetu Januari 2021. Humo utakuta mtu amepiga picha ya jalada, akaandika chini yake, "Kitabu kizuri sana, kitafuteni!" Watu wanaweka vidole gumba na maua, kisha kitabu kinasahaulika kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyejua ni toleo la mwaka gani, kinapatikana wapi, wala kinamfaa nani. Linganisheni na ujumbe huu, ambao mwenzetu mmoja aliutuma nami nikauhifadhi:

"Jamani, tumepokea Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, nakala mbili. Tumeipa 496.3923, inasomewa humu humu, haiazimwi. Mwalimu wa Kiswahili wa shule yoyote mleteni siku za kazi, aje na kitambulisho tu. Mkitaka kununua yenu, risiti ninayo, nitawaambia bei na duka."

Ujumbe huo ni mfupi, na kila sentensi ndani yake inafanya kazi. Anayeusoma anajua aende wapi, ampeleke nani, na amuulize nani kuhusu fedha. Hata nambari ya rafu imo, kwa hiyo mwenye kamusi ileile ambayo haijaingizwa kwenye katalogi ameokolewa nusu ya kazi. Ningependa kila mmoja wenu aandike hivyo.

Kabla ya kutuma, hakikisheni. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Habari hiyo ilitufurahisha Afrika Mashariki nzima, na wasomaji walikuja mbio kwenye rafu ya Kiswahili kumtafuta. Hawakumkuta, kwa sababu Gurnah anaandika kwa Kiingereza. Mkutubi aliyelijua hilo alimwongoza msomaji kwenye rafu inayofaa. Asiyejua alimwambia "hatuna", na kumbe riwaya yake ilikuwepo ng'ambo ya ukumbi. Mwaka uliofuata, 2022, riwaya yake ya Paradise, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1994, ilichapishwa kwa Kiswahili Dar es Salaam na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapo ndipo ilipopatikana habari ya kumpigia simu yule msomaji aliyeondoka mikono mitupu mwaka uliotangulia. Habari mbili hizo zinakaa pamoja, na mkutubi aliyeitunza ya kwanza ndiye aliyejua thamani ya ya pili.

Ninyi mnaosoma Kiswahili mna mzigo wa ziada, na nauita mzigo nikijua uzito wake. Katika ofisi nyingi za maktaba hapa Uganda mikutano huendeshwa kwa Kiingereza, utani kwa Luganda au kwa lugha ya eneo, na vitabu vya Kiswahili vinakaa kwenye rafu ya chini kabisa, pamoja na Kifaransa na Kijerumani. Lakini Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wanakuja kutafuta vitabu. Mwenzako asiyejua lugha hawezi kumwambia mwalimu tofauti ya diwani na tamthilia, na mara nyingine anaainisha kitabu kwa kukisia kutokana na picha ya jalada. Nimeona mashairi yakiwa kwenye dini na hadithi za watoto zikiwa kwenye sarufi. Mfundisheni kwa upole: kwa Dewey, mfumo wa nambari tunaopangia vitabu rafuni, lugha ya Kiswahili ni 496.392, fasihi yake ni 896.392. Mwandikieni sentensi mbili juu ya kila kitabu kipya cha Kiswahili, ni cha nini na kinamfaa nani, aziweke ndani ya jalada kwa penseli au kwa karatasi ndogo. Atawashukuru kila mwalimu akifika.

Jihadharini na habari zinazovuka mpaka. Vitabu vingi vya Kiswahili vinatufikia kutoka Nairobi kupitia Busia na Malaba, au kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula, na habari zake zinakuja na lebo za huko. Ukisikia "kitabu teule kipya", uliza teule kwa mtaala wa nani. Wa Kenya ni wa Kenya. Kwetu mtaala unatoka NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, na mitihani inatoka UNEB, baraza la taifa la mitihani, na mwalimu mkuu akitumia fedha za muhula mzima kwa kitabu kisichotahiniwa hapa, hatakusikiliza tena hata ukiwa na habari ya kweli.

Wakati nao una uzito wake. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na maktaba ya umma inanunua kwa taratibu za zabuni ambazo hazina haraka. Habari nzuri ya kitabu ikija Agosti, bajeti imekwisha kupitishwa. Msiitupe. Fungueni daftari moja la makaratasi magumu, mwandike humo kila kitabu kilichotajwa, ISBN (nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), mchapishaji, bei mliyosikia na nani alikitaja. Maombi ya bajeti yakiitishwa, mkubwa wenu atakuwa na orodha mkononi huku idara nyingine zinakuna vichwa. Vitabu vingi vilivyochapishwa Uganda utavitambua kwa 9970 inayofuata 978 katika ISBN, na ni vyema orodha yenu iwe navyo vya kutosha, kwa kuwa tusiponunua vya wachapishaji wetu sisi wenyewe, nani atavinunua?

Boksi la vitabu likifika, liwe la kununua au la msaada, lifungueni watu wawili. Mmoja anasoma hati ya mzigo, mwingine anatoa kitabu, anageuza kurasa haraka kuona kama kuna zilizokatika au zilizorudiwa, anakiweka juu ya meza mgongo ukielekea upande mmoja. Halafu muhuri ukurasa wa jina na ukurasa wa siri wa maktaba yenu, yaani ule wa ndani mliouchagua ninyi, nambari ya usajili, na jina kwenye rejista. Katika dakika hizo, kabla kitabu hakijapanda rafuni, ndipo habari inapozaliwa. Soma yaliyomo na dibaji. Ukimaliza boksi, utakuwa na vitabu vitatu au vinne ambavyo tayari unamjua mwenyewe. Mwandikie siku hiyohiyo. Vile vya msaada vina jambo la ziada: Book Aid International ya Uingereza, kwa mfano, imetuma vitabu vilivyogawiwa na Maktaba ya Taifa, na katika mgao kunaweza kuwa na kitabu cha uhandisi kilichoangukia shule ya msingi. Kitangazeni kwa wenzenu, kiende kwa anayekihitaji kwa barua na sahihi.

Sasa nije kwenye maisha ya ofisini, ambako nimeona madhara makubwa zaidi.

Katika maktaba moja nisiyoitaja, mtu mzima mmoja alikuwa akija kila wiki kusoma kuhusu kuacha pombe. Aliomba kitabu kingine cha aina hiyo. Kilipofika, mhudumu alifurahi kweli, na alipomwona akiingia alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukumbi, "Ssebo, kile chako cha kuacha pombe kimefika!" Vichwa vilinyanyuka mezani. Yule bwana alitabasamu, akakaa na gazeti kwa muda, akaondoka. Kitabu kilikaa nyuma ya kaunta na jina lake likiwa juu ya karatasi mpaka karatasi ikageuka rangi.

Mhudumu yule alikuwa na moyo mwema na habari yake ilikuwa ya kweli. Aliigawa tu kwa wasiohusika. Anachosoma mtu ni siri yake, na siri hiyo imewekwa mikononi mwetu. Semeni, "Ulichoagiza kimefika," basi. Kitabu kipeeni kikiwa kimegeuzwa jalada chini. Kwenye kundi la WhatsApp msiandike "kuna mama mmoja wa hapa Nansana anatafuta vitabu vya talaka". Andikeni "nina msomaji anayetafuta vitabu vya sheria ya ndoa". Orodha ya walioazima isiachwe wazi kwenye skrini inayotazama ukumbi. Na picha za watoto wakisoma, ambazo tunazipenda sote, zisitumwe kabla ya mzazi au shule kukubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria hiyo heshima ilikuwepo.

Malalamiko ya kazini myatenganishe na habari za vitabu. Kila ofisi ina mkubwa mkali, mshahara unaochelewa na mwenzio asiyerudisha funguo. Yazungumzeni na mtu mmoja mnayemwamini, kwenye chai ya saa nne, ana kwa ana. Kundi la watu mia lina masikio mia, na picha ya skrini inafika kwa mkubwa kabla hujamaliza mandazi. Shida za pamoja, kama umeme au fumigesheni ya mchwa, hizo zijadiliwe wazi, maana mwenzako wa Gulu huenda alishapata dawa yake.

Habari za ndani nazo zisiishie kwa wenye vyeti. Askari wa getini anasikia wasomaji wakitoka wakinung'unika kwamba kitabu fulani hakipo. Mhudumu anayefuta meza anajua ni vitabu vipi vinaachwa wazi kila jioni. Waambieni kilichoingia, nao watawaambia kinachotafutwa. Mimi nimepata maombi mengi mazuri ya vitabu kupitia kwa askari kuliko kupitia kisanduku cha maoni, na sioni sababu ya kuona haya.

Tokeni nje pia. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoko Kamwokya, kinajulikana kwa mikutano yake ya Jumatatu ambako miswada husomwa na kujadiliwa. Mkutubi anayekaa pale anasikia kitabu kikiwa bado hakijazaliwa. Na mkipata habari nzito ya kitaalamu, ipunguzeni iweze kubebeka. Maktaba ya Albert Cook, ile ya tiba pale Mulago, ilifanya hivyo kwa kutoa kijarida cha muhtasari wa maarifa ya afya na kukipeleka kwa watumishi wa vituo vya mbali. Maktaba ya jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza mwaka 1999 ikiwa sanduku la vitabu tu. Zipo nyingine za namna hiyo ambazo leo hii mkutubi wake anatumia simu ya vitufe. Habari yako imfikie naye, kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Suala la faili za vitabu vilivyopigwa skani nalipitia haraka, kwa kuwa nina msimamo mmoja tu. Msizitume. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inakataza, na mwandishi wa Kampala aliyeuza nakala chache anaumia kuliko mnavyofikiri. Tumeni jina la kitabu na la duka.

Na habari ikikufikia wewe, ikakusaidia, mrudishie jibu aliyeituma. Mwandikie: "Kile kitabu tulikipata, mwalimu wa kidato cha pili amekiazima, anauliza kama kuna mwongozo wake." Aliyetuma anajua sasa kwamba upande wa pili kuna mtu, na ana swali jipya la kutafutia jibu. Fanyeni hivyo wiki hiyohiyo, kabla mwalimu hajarudisha kitabu.