Pikapu ya zamani: breki kwanza, kuinyanyua baadaye

Ndugu, umesema pedali ya breki ya pikapu yako inazama hadi chini, chesisi ina kutu, na unataka kuinyanyua, yaani bodi ikae juu zaidi, ufunge matairi makubwa. Mpangilio huo ugeuze.

Anza na kutu. Gonga chesisi kwa nyundo, hasa karibu na vishikizo vya springi. Ikitoboka au ikitoa sauti butu badala ya mlio wa chuma kizima, mwite fundi wa kuchomelea kabla hujanunua chochote. Gari likiwa juu, usiingie chini yake kwa kutegemea jeki peke yake. Weka stendi imara.

Breki kuzama mara nyingi ni upepo ndani ya paipu za breki, oili kuvuja, au pampu kuu iliyochoka. Oili ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo ibadilishe yote.

Sasa kunyanyua. Pikapu nyingi zina vali ya breki juu ya ekseli ya nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa kifimbo. Inapima mzigo: bodi ikishuka, breki za nyuma huongezewa nguvu. Ukinyanyua bila kurekebisha kifimbo, vali itaona gari ni tupu hata ukilijaza, na nyuma hapatashika vizuri. Wengi hulisahau hili kabisa! Angalia pia paipu za mpira za breki zisivutike.

Matairi makubwa yataifanya spidomita isome pungufu ya mwendo halisi, na gari litakuwa zito kuondoka. Mimi ningeongeza saizi moja tu.

Rangi na taa za urembo, hapo sina neno.