Bastola Garini, Jimbo Hadi Jimbo: Maswali Yenu Mwezi Huu

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe uamuzi wa kesi ya Bruen mnamo Juni 2022, uliosema watu wana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba kwa kujilinda, majimbo kadhaa yamebadilisha sheria za silaha: New York na New Jersey mwaka huohuo, Maryland mwaka 2023, Massachusetts mwaka 2024. Maswali yamekuwa mengi. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani, na nimeketi karibu na Waswahili wenzangu wengi ambao kosa lao lilikuwa kuvuka mpaka wa jimbo wakiwa na bastola tu. Kwa kesi yako mwenyewe muone wakili. Haya ni ya kukufumbua macho kabla hujawasha gari.

Shikamoo. Naendesha lori kutoka Columbus. Hapa Ohio hatudaiwi leseni ya kubeba bastola. Naweza kuwa nayo kwenye kebini nikipeleka mzigo New Jersey?

Marahaba, mwanangu. Ruhusa ya Ohio, iliyoanza Juni 2022, inaishia mpakani mwa Ohio. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri, ila isome vizuri: inamlinda anayetoka mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha hiyo kwenda mahali pengine anaporuhusiwa pia. Bastola iwe haina risasi ndani, na wewe usiweze kuifikia wala kuzifikia risasi ukiwa umekaa kwenye kiti. Gari lisilo na buti, kama lori lako, linataka kasha lenye kufuli. Kidroo cha deshibodi hakihesabiki, hata ukikifunga kwa ufunguo. Kisanduku cha katikati ya viti ni vivyo hivyo.

Sasa wewe hupiti New Jersey, unakwenda New Jersey. Hapo ndipo kinga inapokuponyoka. Jimbo hilo halitambui kibali cha jimbo lingine lolote, na mtu akitiwa hatiani kwa kubeba bastola bila kibali chake, kiwango cha chini kwa kawaida ni miezi 42 gerezani kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa huko kwa kosa la barabarani. Akamwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola. Alishtakiwa, na msamaha wa gavana ulikuja Aprili 2015. Hakuwa amemdhuru mtu. Wewe una watoto na leseni ya lori ndiyo inayowalisha, iache nyumbani.

Tunahama kutoka Philadelphia kwenda Portland, Maine. Silaha iko kwenye buti, imefungwa. Tukichoka, tulale hotelini njiani?

Kwa jinsi mlivyoipakia, mmeanza vizuri. Angalieni pia magazini, yaani vibweta vya risasi vya bastola: New Jersey, New York, Connecticut na Massachusetts zote zinazuia zinazobeba zaidi ya risasi 10. Lakini kulala ndiko kunakonitia wasiwasi, maana sheria ya 1986 haikusema neno kuhusu usiku.

Mwaka 2005 msafiri wa Utah aliyekuwa akienda Pennsylvania alikwama Newark. Ndege ilichelewa, mizigo ikapotea kwa muda. Akapewa begi lake lenye bastola iliyofungiwa kwenye kasha, akalala nalo hotelini, na asubuhi alipolirudisha uwanjani na kutangaza silaha yake kama inavyotakiwa, akakamatwa. Alikaa rumande siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai haki yake, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule begi lilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo kinga ilikuwa imekatika. Majaji wakaongeza kwamba angeweza kuomba msaada wa polisi wa uwanja kabla ya kulichukua.

Kwa hiyo badilishaneni usukani, mjaze mafuta, mle, mwende. Kama lazima mlale, laleni Pennsylvania kabla ya kuvuka, au vumilieni hadi New Hampshire. Chumba mtakacholipia zaidi kitakuwa rahisi kuliko dhamana.

Nina kibali cha New York. Kanisani hawataki silaha. Niiache kwenye gari?

Ndiyo, dada, lakini toa risasi, weka bastola kwenye kasha gumu lenye kufuli, na kasha lisionekane kutoka nje. Kule nako kidroo cha deshibodi hakikubaliki. Kama unajua siku hiyo huihitaji, kwa nini uitoe nyumbani?

Tunakwenda harusini Toronto kwa gari. Bastola ikiwa imefungwa kuna shida?

Kubwa. Kinga ya Marekani haivuki daraja. Kanada ilisimamisha uingizaji na uuzaji wa bastola kwa watu wa kawaida mwaka 2022. Usifike nayo mpakani.

Mimi ni mwanafunzi, niko na viza ya masomo. Rafiki yangu ambaye ni raia alisahau bastola yake kwenye gari langu. Ni jimbo la pili kutoka hapa. Nimpelekee?

Hapana, mdogo wangu. Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi. Mwenye viza ya muda, ukiacha wachache kama walio na leseni halali ya uwindaji, sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na silaha au hata risasi moja. Haijalishi ni ya nani, na ukishajua iko garini mwako huwezi kusema hukujua. Wenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa kumiliki, lakini nao wakitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata lenye adhabu ndogo, wanaweza kufukuzwa nchini. Nimemtafsiria mtu aliyekubali kosa ili arudi kazini Jumatatu, bila kufahamu kwamba anasaini safari ya kurudishwa kwao. Tangu 2010 wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza hatari hiyo. Muulize kabla ya kukubali lolote.

Usiishike bastola, usiendeshe gari hilo popote. Mpigie rafiki yako sasa hivi aje mwenyewe aichukue. Akisema hawezi hadi wikiendi, leo hii piga simu kwa wakili wa uhamiaji, na gari libaki hapo lilipo.